Chora Mbele Yao

MSTAAFU: Hizo karatasi za manila zote ni za nini, mwanangu?

KIJANA: Za Baiolojia, Kidato cha Pili. Nina wanafunzi ambao nikieleza kwa mdomo hawashiki kitu, wakiona picha wanaelewa. Nataka niwatenge, niwafundishe kwa picha. Wenzao niendelee nao kwa maelezo.

MSTAAFU: Usiwatenge. Mwaka 2008 mtafiti Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za kumgawia kila mwanafunzi njia yake, huyu wa macho, huyu wa masikio. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kuwagawa hivyo kunasaidia. Picha nzuri yenye maelezo ni ya darasa zima.

KIJANA: Lakini hao wachache nimewaona mwenyewe.

MSTAAFU: Sikatai. Tafuta sababu. Simama nyuma ya mmoja, umwite kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, mkalishe mbele, na wazazi wake wampeleke akapimwe masikio. Darasani kwangu nilikuwa na binti tuliyemwita mzito miaka miwili, kumbe hasikii. Mpaka leo inaniuma. Wengine masikio ni mazima, ila Kiingereza hakijawakaa. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, huku unawafundisha kwa Kiingereza. Ukiwamwagia sentensi ndefu wanabaki kushikilia kile wanachokiona.

KIJANA: Sikuwahi kufikiria hilo.

MSTAAFU: Hebu fungua hiyo picha ya moyo. Umeichora ikakamilika nyumbani, sehemu zina namba, majina yako chini kabisa. Mtoto aanze kutazama wapi? Macho yatapanda na kushuka mpaka achoke. Jina liandike palepale kwenye sehemu yake. Halafu chora mbele yao, ubaoni. Anza na vyumba vinne vitupu. Damu itoke mwilini, iingie chumba cha juu kulia, ishuke cha chini, iende mapafuni. Irudi juu kushoto, ishuke, isukumwe mwilini. Kila mshale uueleze kwa sauti unapouchora. Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza kwamba neno na picha huhifadhiwa akilini kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo aliyepata vyote viwili ana pa kushika mara mbili.

KIJANA: Na rangi nyekundu na buluu za kuonyesha damu?

MSTAAFU: Tumia, lakini waambie wazi kwamba damu ya buluu haipo. Iliyopungukiwa oksijeni ni nyekundu iliyokolea. Picha nayo hudanganya. Kinachowachanganya zaidi ni kulia na kushoto, maana moyo huchorwa kama wa mtu aliyekuelekea. Mwite mwanafunzi mmoja, mbandike manila kifuani, awageukie wenzake. Ubishi utaisha.

KIJANA: Ule ukuta mnene wa chumba cha chini kushoto huwa nawaandikishia sababu yake.

MSTAAFU: Usiwaandikishe. Uchore mnene, uwaulize. Wape muda, watafika wenyewe: upande huo husukuma damu mwili mzima, wa kulia huisukuma hadi mapafuni tu. Kisha futa ubao, wachore wao kwa kumbukumbu, madaftari yamefungwa. Uzuri wa mchoro usiutazame hata kidogo. Tazama mishale. Pale mshale unapogeuka vibaya ndipo ulipompoteza mtoto.

KIJANA: Wako tisini, mwalimu. Nitakagua lini?

MSTAAFU: Wabadilishane na jirani, kila mmoja afuate damu ya mwenzake kwa kidole mpaka irudi ilikoanzia. Wewe pita kwa wale wachache wako.

KIJANA: Naomba nichore hapa mchangani kwanza, unikosoe.

MSTAAFU: Chukua kijiti hicho. Na useme kwa sauti unapochora.