MAJI YA MTONI: UKOKO MWEUPE NA WADUDU WA CHINI YA MAWE



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta kliniki mtoto wake wa darasa la pili. Meno mapya ya mbele yalikuwa yakiota na madoa ya kahawia. Mama alisema kwa masikitiko, "Sista, maji ya mtoni nayachemsha kila siku, kama ulivyotufundisha." Nilikosa la kujibu. Somo lile nilikuwa nimelitoa mimi mwenyewe, wala sikusema kwamba katika vijiji vya kandokando ya Mlima Meru kuchemsha peke yake hakutoshi. Leo nalikamilisha.

Twende pamoja mtoni wakati wa kiangazi, maji yakiwa ya kufika kwenye vifundo vya miguu. Tutazame mambo mawili: ukoko ulio juu ya mawe, na viumbe walio chini yake.

1. Ukoko mweupe

Meru ni mlima wa volkano. Maji yapitayo katika miamba na majivu yake huyeyusha chumvi za namna nyingi, zikiwamo magadi na floraidi. Jua likiwaka, maji ya kandokando hukauka na kupaa, lakini chumvi hubaki. Ndiyo sababu mawe na kingo hupata ukoko mweupe kama unga.

Ukoko huo ni onyo, ila kutokuwapo kwake si hakikisho la usalama. Floraidi iliyo majini haina rangi wala harufu. Maji maangavu kabisa yaweza kuwa nayo nyingi. Tena, tusiuchanganye na ukoko wa ndani ya birika. Ule kwa kawaida ni chokaa, na si dalili ya floraidi. Maji yenye floraidi nyingi mara nyingi huwa na chokaa kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Baadhi ya mito ya miteremko ya Meru, ukiwamo Maji ya Chai, imepimwa ikaonekana kupita miligramu 10.

Meno ya utu uzima hujengeka ndani ya fizi tangu mtoto azaliwe hadi miaka 8 hivi. Floraidi ikizidi wakati huo, meno huota yakiwa na madoa, na mengine hubanduka. Madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Basi tusimgombeze mtoto kuwa ni mchafu! Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, huingia pia katika mifupa: mgongo na viungo hukakamaa, na miguu ya watoto yaweza kupinda.

2. Viumbe vidogo

Sasa tuinue jiwe. Tutaona mabuu bapa wenye mikia myembamba mitatu, mabuu ya kereng'ende, viluwiluwi, pengine na kaa mdogo. Mabuu wale bapa huhitaji maji yenye hewa ya kutosha. Wakitoweka, wakabaki viminyoo vyekundu vya topeni tu, huenda mto umechafuliwa kwa taka.

Je, wakiwapo wengi, maji yanafaa kunywewa? La hasha! Hawawezi kutuambia habari za floraidi, wala za kinyesi kilichoingia mtoni asubuhi ya leo.

Tumwangalie pia konokono. Si kila konokono wa mtoni ana madhara, lakini wako wanaobeba kichocho. Hao hupenda maji yaendayo polepole, yenye majani, kama mifereji ya mashamba. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya kichocho huanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono, huongezeka kwa majuma kadhaa, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Huhitaji kunywa maji hayo ili uambukizwe.

3. Hatari mbili, kinga mbili

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Tena maji yakichemka muda mrefu hupungua, na floraidi iliyobaki hukolea. Dawa ya klorini nayo haiiondoi. Kwa hiyo:

(a) Ulizeni ofisi ya maji chanzo kipi kimepimwa. Maji yenye floraidi kidogo yawekwe kwanza kwa ajili ya kunywa na kupikia, hasa ya watoto walio chini ya miaka 8. Ya mtoni yafulie nguo.

(b) Kingeni maji ya mvua kwa bati safi na tangi lenye kifuniko. Yana floraidi kidogo sana. Hayo ndiyo ya kuchemsha na kunywa.

(c) Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi.

(d) Msipikie magadi ya kuokota. Mengi yana floraidi. Maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha.

(e) Kichujio cha mkaa wa mifupa huondoa floraidi. Jimbo Katoliki la Nakuru, Kenya, lilianza kuvitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mifupa huchomwa kwa utaalamu, na mkaa ukichoka hubadilishwa.

(f) Jengeni na kutumia vyoo. Watoto wasicheze katika maji yenye konokono. Ukiona damu katika mkojo au kinyesi, njoo upimwe. Kichocho kina dawa, prazikwanteli.

Yule mama alikuwa na mtoto mwingine wa miezi 4. Meno ya kaka yake hatukuweza kuyarudisha, lakini ya huyu mdogo yalikuwa bado yanajengeka. Hapo ndipo tulipoanzia.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Watoto wetu wanakunywa maji ya chanzo gani? Yamepimwa?
2. Kwa nini kuchemsha hakutoshi?
3. Ni nyumba ngapi zina bati lakini hazina chombo cha kukingia mvua?