Pikipiki Mpya, Gia Mpya: Jifunze Kabla ya Kubeba Abiria

Wahudumu wa bodaboda wanaonunua kruza, ile pikipiki ndefu yenye kiti cha chini na vikanyagio vilivyosogezwa mbele, mara nyingi wameendesha pikipiki za kazi kwa miaka mingi. Uzoefu huo ni mtaji, lakini upande wa gia unaweza kuwaponza, kwa kuwa mguu hufuata ulichozoea.

Mpangilio wa gia

Katika baadhi ya pikipiki za kazi, gia zote huingizwa kwa kukanyaga chini. Kruza nyingi ni tofauti: gia ya kwanza hukanyagwa chini, kisha ya pili na zinazofuata huinuliwa juu kwa ncha ya kiatu. Nyutro iko kati ya gia ya kwanza na ya pili.

Chukua mfano wa mwendeshaji aliye katika gia ya tatu akitaka kuingiza ya nne. Kwa mazoea anakanyaga chini. Pikipiki inarudi gia ya pili, injini inapiga kelele, na akiachilia klachi ghafla gurudumu la nyuma linaweza kujifunga na kuteleza. Barabara ikiwa imelowa, hilo latosha kumwangusha yeye na abiria wake.

Wakati wa kubadilisha

Kruza nyingi hazina mshale wa kupima mizunguko ya injini, kwa hivyo sikio ndilo kipimo.

• Injini ikilia kwa sauti kali na mwendo hauongezeki sana, pandisha gia.
• Injini ikitetemeka na kugugumia, na ukivuta mafuta haijibu, shusha gia.
• Kila mara punguza mafuta, vuta klachi, badilisha gia moja tu, kisha achilia klachi polepole huku ukirudisha mafuta.
• Unapokaribia kusimama, shusha gia moja moja hadi ya kwanza kabla magurudumu hayajatulia. Pikipiki ikishasimama, gia huweza kukataa kuingia.

Injini mpya isivutwe mafuta hadi mwisho, wala isilazimishwe kupanda mlima kwa gia kubwa, mpaka kilomita za mwanzo zilizotajwa katika kitabu cha pikipiki ziishe.

Milimani

Kwenye barabara yenye kona kali kama ile ya Mwatate kwenda Wundanyi, gia huchaguliwa kabla ya kona, si katikati yake. Wakati wa kuteremka, tumia gia ndogo ili injini isaidie kuzuia mwendo. Wapo wanaoteremka kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Hao huziachia breki kazi yote, na breki zikipata moto kupita kiasi hupungua nguvu, mzigo na abiria vikiwa bado vinasukuma.

Mazoezi

Tafuta uwanja mtupu, bila abiria wala mzigo. Ondoka, panda hadi gia ya tatu, shuka hadi ya kwanza, simama. Rudia mpaka mguu usibahatishe tena, halafu nenda barabarani wakati magari ni machache.

Kumbuka sheria pia. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji leseni ya daraja la A3. Abiria ni mmoja tu, na wote wawili huvaa helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Mjini na kwenye vituo vya biashara, mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa.

Jipime

1. Kwenye pikipiki yako, gia ya pili hukanyagwa au huinuliwa?
2. Injini ikigugumia mlimani, utafanya nini?
3. Kwa nini usiteremke kwa nyutro?

Anayesita kujibu swali la kwanza asipakie abiria leo. Arudi uwanjani kwanza.