SOMO LA MWEZI: MAWE YA MIZANI

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Mithali 18:17.



Tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, Jimbo la Michigan, Marekani, askari polisi alisimamisha gari la Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26. Wakashikana na kuvutana, na mwishowe askari akampiga risasi kisogoni hali kijana amelala kifudifudi. Lyoya alikuwa mkimbizi kutoka Kongo. Jamaa yake walifika Marekani mwaka 2014. Baba yake aliomba haki kwa Kiswahili, mkalimani akifasiri. Askari alishtakiwa kwa mauaji, lakini Mei 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi halikuafikiana, na mashtaka yakafutwa.

Habari kama hizi huleta ubishi hata kwetu Mtoni. Mmoja husema, "Polisi wa Marekani huwaua Weusi." Mwingine hujibu, "Wazungu wanaouawa ni wengi zaidi." Kila mmoja ameshika hesabu mkononi. Basi tujifunze kuzipima.

1. Wangapi, kati ya wangapi?

Tuseme shule moja ina watoto 100 wa hapa Mtoni, na 20 watokao ng'ambo ya mto. Muhula huu wamechapwa 10 wa Mtoni na 5 wa ng'ambo. Nani wamechapwa zaidi? Kwa idadi, ni wa Mtoni. Lakini kwao ni 10 katika kila 100, na kwa wenzao ni 25 katika kila 100.

Ndivyo ilivyo Marekani. Mwaka 2015 gazeti la Washington Post lilianza kuhesabu watu wanaouawa kwa risasi za polisi: wapata elfu moja kila mwaka. Wazungu ndio wengi kwa idadi. Weusi ni kama robo ya waliouawa, lakini ni 13 au 14 tu katika kila watu 100 wa nchi ile. Kwa hiyo hatari yao ni zaidi ya mara mbili ya Wazungu. Wabishi wetu wote wawili wana hesabu ya kweli; ila wa pili amesahau kugawanya.

2. Hesabu ilianzia wapi?

Sasa tufungue daftari la ofisi ya mwalimu mkuu. Watoto wa Mtoni walioletwa ofisini ni 20, wakachapwa 10. Wa ng'ambo walioletwa ni 10, wakachapwa 5. Nusu kwa nusu! Daftari linasema hakuna upendeleo. Lakini je, mwalimu wa zamu langoni aliwapeleka wa ng'ambo hata kwa kifungo cha shati, na wa Mtoni akawaacha wapite? Au ni kweli wa ng'ambo walikosa zaidi? Daftari halijui. Sharti mtu akasimame langoni.

Mwaka 2016 Profesa Roland Fryer wa Chuo Kikuu cha Harvard, naye ni Mmarekani Mweusi, alitoa utafiti wake. Aliona Weusi husukumwa na kufungwa pingu zaidi ya Wazungu, lakini katika kupigwa risasi hakuona tofauti kati ya watu waliokutana na polisi. Mwaka 2020 wataalamu wengine walionya kwamba kumbukumbu za polisi huanza mtu akisha kusimamishwa. Kama kusimamisha kwenyewe kuna upendeleo, daftari litauficha.

3. Nani hakuhesabiwa?

George Floyd aliuawa Minneapolis tarehe 25 Mei 2020 kwa goti la askari shingoni. Dunia nzima inamjua, lakini katika hesabu ile ya gazeti hayumo, kwa sababu ni ya risasi tu.

Ndugu zangu, hesabu za jumla haziwezi kumhukumu askari mmoja. Hilo ni kazi ya ushahidi. Wala hukumu ya kesi moja haifuti tofauti iliyoonekana kwa maelfu. Torati inakataza mfuko wenye jiwe zito na jiwe jepesi. Anayechagua hesabu impendezayo ana mawe mawili mfukoni, hata kama anamtetea mnyonge.

Nasi tusikiapo kwamba vijana wa kabila fulani, au wa upande fulani wa Temeke, ndio wanaojaza mahabusu, tuulize maswali haya matatu kabla ya kuitikia. Kumshuhudia jirani uongo kwa tarakimu ni kumshuhudia uongo vilevile.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Kwa nini idadi peke yake haikutosha katika mfano wa shule?
(b) Mithali 18:17 inatufundisha nini juu ya daftari la ofisini?
(c) Ni maneno gani tuliyozoea kusema juu ya majirani bila kupima?