Duka la Wafumaji na Sheria Iliyolikuza

Mara nyingi watu wa kijiji hukutana, wakapatana kuchanga fedha ili wafungue duka, au kinu cha kusagia, au mfuko wa kukopeshana. Nia yao huwa njema. Lakini baada ya miaka miwili mitatu kazi hiyo hufa, na wenyewe hubaki kulaumiana. Katika somo hili twataka kuonyesha kwamba kosa si la watu sikuzote. Biashara ianzishwayo kwa manufaa ya wengi hukua au hudumaa kwa kadiri ya sheria na desturi za mahali ilipo. Mfano wetu wa kwanza watoka katika mji wa Rochdale, kaskazini ya Uingereza. Kisha tutarudi huku kwetu.

Katika miaka ya 1840 wafumaji wa Rochdale walikuwa na maisha ya taabu. Ujira ulikuwa mdogo, na wenye maduka wengi walipunja mizani na kuchanganya vyakula na takataka. Mwaka 1844 watu wapatao 28 walichanga pauni 28, kwa peni chache kila juma, wakakodi chumba katika njia iitwayo Toad Lane. Tarehe 21 Desemba walifungua duka lao, lenye siagi, sukari, unga na mishumaa tu. Walipima kwa haki, wala hawakukopesha. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, hata kama hisa zake zilikuwa nyingi, na faida iligawanywa kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua.

Hayo husimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni habari ya sheria. Siku zile watu wenye kufanya biashara pamoja bila kuandikishwa walihesabiwa kuwa wabia tu. Mmoja wao akila fedha, ilikuwa vigumu kumshitaki kwa wizi, maana mali ile ilikuwa yake pia. Na biashara ikianguka, kila mmoja aliweza kudaiwa deni lote, hata akauziwa vyombo vya nyumbani mwake. Kwa hiyo wafumaji waliandikisha chama chao chini ya sheria ya vyama vya kusaidiana, iliyotungwa hasa kwa ajili ya ugonjwa na mazishi. Walikuwa kama mtu aliyeazima koti la mdogo wake: lilizuia baridi, lakini mikono haikutosha.

Mwaka 1852 Bunge la Uingereza lilitoa sheria iliyowekwa kwa vyama vya namna hii hasa. Mwaka 1862 likatoa nyingine: mwanachama asidaiwe zaidi ya hisa zake, na chama kiruhusiwe kununua hisa katika chama kingine. Mwaka uliofuata, 1863, vyama vya sehemu zile viliungana na kuanzisha chama kikuu cha kununua bidhaa kwa jumla. Zitazame tarehe hizo, msomaji. Wafumaji hawakuzidi akili kati ya 1861 na 1863. Kilichobadilika ni sheria.

Huku kwetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza chama chao mwaka 1925. Sheria ya ushirika ya Tanganyika ilitoka mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika wao, K.N.C.U., kikaandikishwa. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1931 iliwafaa walowezi. Mwafrika alifunguliwa njia kwa sheria ya 1945. Na kabla ya hapo, kwa muda mrefu, hata kupanda kahawa alizuiwa. Mtu atawezaje kuunda ushirika wa kuuza zao asiloruhusiwa kulipanda?

Lakini sheria yaweza pia kulegea mno. Zamani serikali ya Kenya ilivishika vyama kwa mkono mzito, nao wanachama walinung'unika, na kwa haki. Sheria ya mwaka 1997 iliondoa sehemu kubwa ya usimamizi huo kwa ghafula. Kamati nyingine zilijitajirisha, na vyama vingine vikagawanyika vipande vipande. Mwaka 2004 Bunge lilirudisha usimamizi kiasi, na mwaka 2008 likatunga sheria ya pekee kwa vyama vya akiba na mikopo.

Desturi nayo ina nguvu zake. Wafumaji wa Rochdale waliwapokea wanawake kuwa wanachama, ingawa hata kufikia mwaka 1870 sheria ya Uingereza ilihesabu karibu mali yote ya mke kuwa ya mumewe. Katika ushirika wetu mwingi wa kahawa aliyeandikishwa ni mwenye shamba. Mke aliamka alfajiri akachuma, akabeba gunia hadi kiwandani, likapimwa. Na malipo yalipofika yaliandikwa kwa jina la mume.