Picha ya bibi imetoka na ukungu. Niifute?

SWALI: Nilimpiga bibi picha kwa simu jikoni, jioni, akicheka. Uso una ukungu kidogo na bega limekatwa. Ndugu zangu wanasema niifute, lakini naipenda kuliko zote. Je, nakosea?

JIBU: Hukosei, na usiifute. Mwaka 1863 Julia Margaret Cameron wa kisiwa cha Wight, Uingereza, alizawadiwa kamera akiwa na miaka 48. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa kemikali mbichi, na anayepigwa alitakiwa kutulia kwa muda mrefu. Picha zake zilitoka na ukungu, michirizi, hata alama za vidole. Wakosoaji walimsema sana, naye hakubadili mkono. Tazama picha aliyompiga mwanasayansi John Herschel mwaka 1867: nywele nyeupe zimetimka, mabega yamezama gizani, na jicho lako halina pa kwenda ila kwenye yale macho mazee.

Yako nayo ina sababu yake. Mwanga ukiwa hafifu, simu hukusanya nuru kwa muda mrefu zaidi, na kila kinachotikisika huacha mchirizi. Ukungu ule ndio kicheko chenyewe cha bibi.

Hifadhi picha halisi bila kuihariri. Baadhi ya programu za kunoa picha hubuni sura, na zinaweza kukupa bibi usiyemjua. Kisha ichapishe kwa ukubwa wa kiganja, maana katika udogo huo ukungu hupungua. Mpe bibi nakala yake angali hai.