SOMO LA USALAMA: KITUFE CHA KUSIMAMISHA MASHINE WAKATI WA HATARI



Katika karakana za Katwe, Kisenyi na eneo la viwanda hapa Kampala, mashine nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika nchi nyingine. Zikifika, fundi huziunganisha kwa swichi yoyote aliyoipata dukani. Tumeona hata swichi ya taa ya nyumba, imepigiliwa ukutani nyuma ya pipa la mafuta, ndiyo inayozima mashine ya kukereza chuma. Mkono wa shati ukishikwa, nani atafika kwenye pipa? Leo tujifunze kuchagua kitufe cha hatari, ili mwajiri anapokwenda kununua tuwe tumemwambia wazi tunachotaka.

Kwanza, kitufe hiki si kinga. Kinafanya kazi baada ya hatari kuanza. Jiwe la kunolea huendelea kuzunguka kwa muda hata umeme ukikatwa. Basi yule anayetaka kuondoa bamba la kinga kwa sababu ameweka kitufe, tumkatalie.

Kitufe kinachofaa kina kichwa kipana chekundu kama uyoga, na nyuma yake rangi ya manjano. Ndivyo kinavyotaka kipimo cha kimataifa ISO 13850, kilichotolewa upya mwaka 2015. Kikipigwa kwa kiganja, kinabaki ndani mpaka mtu akizungushe au akivute kwa makusudi. Kile kinachorudi chenyewe kama kengele ya mlango tusikikubali. Na kikisha kufunguliwa, mashine isiondoke. Ianze tu pale mtu atakapobonyeza kitufe cha kuwashia.

Sasa tugeuze kitufe tutazame nyuma, maana hapo ndipo tunapodanganywa. Kuna kontakti za aina mbili. Iliyoandikwa 1 na 2 (au 11 na 12) hupitisha umeme wakati kitufe hakijaguswa, na hukata kikibonyezwa. Iliyoandikwa 3 na 4 (au 13 na 14) hufanya kinyume. Kwa kusimamisha tunataka ya 1 na 2. Sababu ni hii: waya wake ukikatika, mashine inasimama papo hapo na kila mtu anajua. Ukitumia ya 3 na 4, waya unaweza kuwa umekatika tangu mwaka jana, nanyi mtajua siku mnapokihitaji. Balbu ndogo na betri vinatosha kupima: bila kubonyeza, balbu iwake, ukibonyeza, izime. Tafuteni pia alama ya mshale ndani ya duara. Maana yake kichwa chenyewe kinazisukuma kontakti ziachane kwa nguvu, hata kama zimeungua na kugandana, hakitegemei springi.

Vile vya bei ya chini vina ubaya mwingine. Kontakti hubanwa tu nyuma ya kichwa, na kwa mtikisiko wa mashine huanguka ndani ya sanduku. Mtu anapiga kitufe, kinaingia vizuri, na mashine inaendelea. Ziko kontakti zinazokata umeme zenyewe zikitengana na kichwa. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa mashine za kukereza na za kukata tuzidai.

Kitufe kidogo hakibebi umeme wote wa mota. Kazi yake ni kukata koili ya kontakta, na kontakta ndiyo inayokata mota. Kontakta ina faida nyingine kwetu ambao umeme hukatika mara kwa mara. Mashine yenye swichi ya kawaida, umeme ukirudi, huondoka yenyewe, labda wakati kijana ameingiza mkono kutoa vipande vya chuma. Yenye kontakta iliyounganishwa sawasawa husubiri iwashwe.

Mahali pa kuweka ni jambo la kuamua pamoja na mwenye kufanya kazi hapo. Asimame kwenye mashine, ajifanye mkono wa kulia umeshikwa. Je, wa kushoto unafika? Kisha abadilishe. Ikiwa mikono yote ina kazi, kiwekwe cha mguu pia. Mashine inayohudumiwa na watu wawili iwe na vitufe viwili.

Kwa wenzetu wa viwanda vya sukari na chai, penye mikanda mirefu ya kubebea miwa au majani, kitufe kimoja mwishoni hakisaidii. Hapo inatakiwa kamba ya kuvuta kandokando ya mkanda wote. Swichi yake lazima isimamishe mtambo kamba ikivutwa, na vilevile ikikatika au ikilegea.

Kila wiki kitufe kijaribiwe mashine ikizunguka bila kazi, na matokeo yaandikwe kitabuni na mwakilishi wa usalama. Wawakilishi hao na kamati za usalama wamo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mwajiri akikataa, barua ya kwanza iende kwake kupitia tawi, ikitaja mashine gani, swichi iliyopo na ile tunayotaka. Nakala ipelekwe kwa wakaguzi wa Idara ya Usalama na Afya Kazini, katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na nyingine ibaki kwenye faili la tawi.