Fidia ya mabomu ya 1998: nani alihesabiwa?



Mwezi huu watu watatu wameniuliza swali moja: je, ni kweli hapa Mayfair kuna fomu ya randi 500 ya kulipwa fidia ya ugaidi? Usitoe hata senti. Kisha soma jinsi fidia ya namna hiyo ilivyokwenda kweli.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Walikufa watu 224, na 213 kati yao walikuwa Nairobi. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa watu wetu: makarani na walinzi wa ubalozi, wapita njia, abiria wa basi, wanafunzi wa uhazili katika jengo jirani la Ufundi House, lililoporomoka.

Sudan ilishtakiwa Washington kwa kuwahifadhi al-Qaeda. Sheria ya Marekani inaruhusu kuishtaki nchi inayofadhili ugaidi, lakini si kwa kila aliyeumia. Mkenya aliyeajiriwa na ubalozi aliweza kudai, yeye au familia yake. Mwanafunzi wa Ufundi House hakuweza, ingawa bomu lilikuwa moja. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kutoa dola milioni 335 ili itolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Hata humo, wafanyakazi wasio Wamarekani walipangiwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao Wamarekani. Desemba mwaka huohuo Bunge la Marekani liliongeza dola milioni 150 kwa waliokuwa wamepata uraia wa Marekani baada ya shambulio. Karani yuleyule, jeraha lilelile. Pasipoti ndiyo iliyobadilika. Mimi naona si haki, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa. Walioachwa nje wamepeleka madai yao kwenye Seneti ya Kenya, nayo ikaunda kamati maalumu. Kamati hupendekeza, haitoi hundi.

Kwa hiyo ukisikia "serikali italipa", uliza kwanza: ni pendekezo au ni sheria? Inamtaja nani? Halafu wewe utaulizwa: ulimfanyia nani kazi, na karatasi iko wapi? Kadi ya kazi ya baba yangu tuliiacha nyumbani siku tuliyokimbia. Mama alibeba sufuria, na simlaumu.

Hapa Afrika Kusini ukiumia kazini iko sheria ya fidia ya mwaka 1993, na tangu hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Novemba 2020 wafanyakazi wa nyumbani nao wamo. Mjulishe mwajiri mara moja, na usicheleweshe dai. Anayejiuzia bidhaa zake mwenyewe barabarani hamo.

Kama una barua ya ajira, hati ya mshahara au kitambulisho cha kazi, hata cha zamani na kilichochanika, kilete ofisini tukipige nakala. Ni bure.